Kisima Hakitoshi Bila ya Daftari

Wapo wanaoamini kwamba kijiji kikishachimbiwa kisima na kuwekewa bomba la mkono, shida ya maji imekwisha. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni Kwale.

Mradi wa mabomba ya mkono ulioanzishwa huko mwaka wa 1983 haukutosheka na kuchimba visima. Shirika la KWAHO lilisaidia kuunda kamati za maji vijijini, na akina mama, ambao ndio wabebao mitungi, wakafunzwa kulitunza bomba na kuziweka fedha zake. Hata bomba lenyewe, Afridev, lililofanyiwa majaribio huko huko, lilibuniwa kwa nia hiyo: hufunguliwa kwa spana moja, na mpira uliochakaa hubadilishwa bila ya kung'oa mabomba yote kisimani. Kama yupo mwanamume aliyecheka kumwona mama ameshika spana, naamini aliyanywa maji yale yale.

Aghalabu kinachonyamazisha bomba ni kitu kidogo: kipande cha mpira, na fedha za kukinunua. Hapo ndipo mabishano huzuka. Husemwa kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na salama; mbona basi mwanakijiji atozwe ada? Haki hiyo naitetea. Serikali za kaunti, ambazo ndizo zilizokabidhiwa huduma za maji na usafi, zisikwepe kuchimba visima, kuyapima maji na kusogeza vipuri karibu na watu. Lakini mpira ukikatika leo, watoto watakunywa maji ya dimbwi jioni hii, wala kipindupindu hakingoji bajeti isomwe.

Hata hivyo, anayetoa ada ana haki ya kuonyeshwa matumizi yake. Si ufukara pekee unaowafanya watu waache kulipa. Huacha pia wanapoona daftari halifunguliwi mbele yao. Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Somo la hesabu lina mfano gani bora kuliko mapato na matumizi ya kisima ambacho wanafunzi wenyewe huteka? Waacheni wajumlishe. Wapimeni pia umbali kutoka kisimani hadi choo cha shimo kilicho karibu, kwani uchafu hupenya ardhini polepole, bila ya kuonekana.

Nanyi wanafunzi, kama kamati ya kwenu haijaitisha mkutano tangu mwaka jana, mwulizeni mweka hazina, kwa adabu, ni siku gani atakayolisoma daftari hadharani.