Wanamuziki Wahojiwe Wangali Hai

Siti binti Saad alifariki dunia mwaka 1950. Lau kama Shaaban Robert asingalimwendea akamwuliza maswali na kuyaandika majibu, Taifa lingalibakiwa na santuri zake tu, zile alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928, pasipo kufahamu ni kwa njia gani mtoto wa Fumba aliyetembeza vyungu alipata kuimba katika majumba ya wakubwa wa Unguja. Tena Shaaban Robert hakuwa mtaalamu wa muziki. Alikuwa karani wa serikali. Hakungoja kamati iundwe wala fungu litengwe.

Jambo hilo lafaa kukumbukwa na watumishi wa utamaduni na walimu, maana mpaka leo mwanamuziki huhesabiwa kuwa mtu wa kuchangamsha sherehe. Huitwa siku ya mgeni rasmi, hupigiwa makofi, kisha hupandishwa gari kurejeshwa kwao, na hakuna amwulizaye neno. Kumbe ndani yake mna mtungaji, mwalimu wa sauti na mwanahistoria.

Hayati Hukwe Zawose ni mfano ulio wazi. Mgogo huyo aliitwa na Mwalimu Nyerere kutoka Dodoma kuja Dar es Salaam, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Alitunga kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Aliunda marimba makubwa kuliko yale aliyoyarithi, akapiga zeze, na sauti yake ilishuka hadi mngurumo na kupanda hadi kuwa nyembamba kama ya filimbi. Sauti ya namna hiyo haifundishwi kwa ubao na chaki. Mwanafunzi huketi karibu na mwalimu, akasikiliza pumzi inavyovutwa na mahali inapokatwa, akaiga, akakosea, akarudia. Zawose alipofariki Desemba 2003, elimu hiyo ilisalia kwa wale waliokaa naye. Bahati njema jamaa zake walikuwa miongoni mwao: mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la Zawose Queens, walitoa albamu iitwayo Maisha. Lakini si kila mzee ana jamaa wenye nia.

Kwa upande wa redio, sifa haina budi kutolewa panapostahili. Radio Tanzania ilirekodi bendi, taarabu na ngoma za mikoani kwa miaka mingi, na kanda hizo ni urithi uliomo mikononi mwa TBC. Kabla yake, mwaka 1950, Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake akanasa nyimbo za makabila mengi, wakiwemo Wagogo. Leo anayetaka kuzichunguza huelekezwa kwenye hifadhi iliyoko Makhanda, Afrika Kusini. Kasoro ni kwamba wimbo ukinaswa peke yake husema nusu tu ya habari. Nani aliutunga? Ulikuwa wa mavuno, wa jando au wa kilio? Kwa nini sauti ya pili huingia pale na si kwingine? Maswali hayo hujibiwa na mtu aliye hai, naye hujibu vizuri akiulizwa na anayejua kunyamaza. Watangazaji wengi wa siku hizi humkatiza mzee katikati ya sentensi ili wapige wimbo mwingine.

Iko pia haki ya mali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtungaji, lakini mtungaji asiye na maandishi wala kanda atathibitishaje kwamba utunzi ni wake, hasa pale kijana wa mjini anapouchukua na kuupigia kinanda?

Kazi yenyewe haimshindi afisa utamaduni wa wilaya, wala mwalimu wa shule ya msingi aliye na simu yenye kinasa sauti. Aanze na mzee mmoja wa jirani. Aandike jina lake, kijiji chake, aliyemfundisha, mwaka aliotunga, na jinsi ala inavyotunzwa na kupatanishwa sauti. Wanafunzi wawepo na waimbe naye. Nakala moja ibaki shuleni, moja ipelekwe redioni, na moja akabidhiwe mzee mwenyewe.