Kijiti Chenye Njaa

Bao la Ryan Ogam nililisikia kabla sijaliona. Ilikuwa Jumapili, Agosti 10, 2025, Harambee Stars, timu yetu ya taifa, wakicheza na Morocco pale Kasarani katika michuano ya CHAN. Kelele zilianzia kwa mlinzi wa duka la ng'ambo ya barabara, mwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa tyubu, zikashika kwa vijana wa bodaboda, zikafika hadi kwa akina mama wanaowauzia abiria maziwa ya ngamia. Kwenye runinga yangu mpira ulikuwa bado uko katikati ya uwanja, beki mmoja mguu juu, na kale kaduara kanazunguka, kanazunguka. Kijana wa jirani aliyeketi kwenye mkeka wangu akanitazama kwa huruma.

“Mwalimu,” akasema, “hii TV yako inaonyesha mechi ya jana.”

Kuchelewa kidogo si ugonjwa. Mechi ya mtandaoni hukatwa vipande vya sekunde chache chache, vikawekwa akiba kwanza ndipo vionyeshwe, kwa hiyo redio itakutangulia tu. Lakini yangu ilikuwa imepita kiasi. Tulipoliona bao, wachezaji wenyewe walikuwa wameshakwenda mapumziko.

Mimi ni mzaliwa wa Ngao, kule chini karibu na Garsen, ambako mto ndio saa na ndio kalenda. Kazi ya ualimu ikanileta Bangale, kwenye barabara ya Mwingi kwenda Garissa, penye mbuzi, vumbi na mabasi. Hapa kila kinachokataa kufanya kazi kina jina moja: netwaki. Simu ikizimika, netwaki. Mkopo ukichelewa, netwaki. Nami nilimwamini shetani huyo kwa miezi kadhaa, nikinunua bando kubwa zaidi kila wiki, mpaka usiku mmoja usingizi uliponikataa.

Niliamka saa kumi alfajiri, mabasi ya usiku yamepita, kijiji kizima kimelala, mnara wa simu hauna wa kuugombania. Nikasema, sasa nitatazama kwa raha. Nikawasha kile kijiti cha kutazamia filamu ambacho ndugu yangu alinitumia kutoka Nairobi, kile kinachochomekwa nyuma ya runinga kama kalamu. Nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza tena. Baada ya muda ile alama ya kuchagulia ikaruka mara tatu kwa mpigo, kama mtu aliyegutushwa usingizini. Sikuwa nimefungua filamu yoyote. Nilikuwa bado kwenye ukurasa wa kwanza, ninachagua tu.

Hapo ndipo nilipong'amua. Ikiwa rimoti inasuasua hata kabla hujafungua chochote, lawama ni ya kifaa. Ikiwa kurasa zinakwenda kwa wepesi lakini picha inasimama katikati ya filamu, hapo zungumza na mtandao. Ni kipimo kisichohitaji fundi wala shilingi, na nashangaa hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia.

Basi nikaanza kukichunguza kijiti changu kama ninavyomchunguza mtoto anayesinzia darasani. Mara nyingi mtoto huyo si mvivu. Hakula.

Chakula cha kijiti ni umeme. Nyumbani kwangu ni sola: paneli moja juu ya mabati, betri ya volti 12, na runinga ya inchi 24 ya kutumia umeme huohuo wa betri. Kijiti nilikuwa nimekichomeka kwenye tundu la USB la runinga, maana ndivyo waya ulivyofika na ndivyo ilivyopendeza macho. Tundu hilo kwenye runinga nyingi hutoa nusu ampea. Kijiti kama changu kinataka ampea moja au zaidi, na ndiyo sababu kilikuja na chaja yake ya ukutani, ambayo mimi niliitupa kwenye droo kwa kuwa ukuta wangu hauna soketi. Kifaa chenye njaa hakikwambii kina njaa. Kinasuasua, kinajizima, kinawaka upya katikati ya sinema, nawe unalaani kampuni ya simu.

Dawa niliipata kwa wauza vitu kwenye madirisha ya mabasi: chaja ya gari, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Gari nalo ni betri ya volti 12. Kijana wa duka la simu akanifungia tundu hilo kwenye betri yangu, akaweka na fyuzi, ikatoa ampea mbili na ushei moja kwa moja. Ile tabia ya kujizima ikakoma siku hiyohiyo. Ningetaka kumkuta aliyeandika kile kikaratasi cha maelekezo nimwonyeshe kazi yetu. Katika kurasa zake zote, kwa lugha kadha wa kadha, nyumba anayoijua yeye ni ile yenye soketi kila ukuta.

Halafu joto. Watu wa Nairobi wakisema joto, sisi huku tunacheka. Februari na Machi kivuli chenyewe hufika nyuzi 36, 37, na chini ya mabati ni tanuri. Kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kijiti ikipata moto hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, imeundwa hivyo. Changu kilikuwa kimebanwa baina ya mgongo wa runinga, ambao nao una moto, na ukuta wa mabati unaopigwa na jua la magharibi. Ndani ya pakiti kulikuwa na kiwaya kifupi cha HDMI ambacho sikuwahi kujua kazi yake. Kazi yake ni kukitoa kijiti pale nyuma kikapumue. Nilikining'iniza pembeni, upande wa dirisha. Mzee mmoja akanishauri nikizungushie kitambaa kibichi kama tunavyofanya mtungi wa maji. Nilimshukuru kwa heshima, wala sikuthubutu. Maji na umeme ni mambo mawili.

Mengine sitayarefusha. Kijiti kina nafasi ya GB 8 kwa jina, lakini ukitoa ya mfumo wenyewe hubaki kama 5, nami nilikuwa nimejaza programu za katuni, za hali ya hewa, hata mchezo wa karata ambao hakuna anayeucheza. Nikang'oa. Zilizobaki nikafuta mabaki yake ya muda, yale yanayoitwa kashe, kwa kuangalia nisije nikagusa kitufe cha pili cha kufuta data yote na kulazimika kuandika nywila upya, herufi moja moja, kwa rimoti, adhabu ambayo simtakii adui. Nikazima vile vionjo vya filamu vinavyojicheza vyenyewe. Na nikajifunza kwamba kitufe cha kuzima kwenye rimoti hakizimi kitu, kinalaza tu; mara moja kwa wiki chomoa waya, hesabu hadi thelathini, rudisha.

Kwa upande wa mtandao, nilishusha ubora wa picha. Netflix wenyewe hukadiria kwamba picha kali ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo sinema ya saa mbili ni GB 6, na kwa bando la Bangale hiyo ni karamu ya harusi. Kwenye runinga ya inchi 24, ukiwa umekaa mkekani hatua nne mbali, tofauti ya picha hiyo na ya kawaida utaitafuta kwa tochi. Simu inayogawa mtandao nimeiweka dirishani, maana mabati ni adui wa mawimbi kuliko umbali.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kisanduku.

Kabla ya kijiti, nilikuwa na kisanduku cheusi cha kazi hiyohiyo, nilichokinunua mwenyewe katika duka moja la Eastleigh nilipokwenda Nairobi kwa matibabu. Hakikuwa na jina la mtengenezaji. Juu ya boksi kulikuwa na maandishi ya dhahabu: 8K, GB 128, filamu zote bure maisha yako yote. Bei yake ilinifurahisha, na hapo ndipo ningepaswa kutia shaka. Kijana wa duka la simu alipokifungua baadaye alikuta kumbukumbu iliyomo haifiki hata robo ya ile iliyoandikwa. Maandishi ya kwenye kioo yalikuwa yamepikwa yadanganye. Kilikuwa kizito kuliko punda wa kisima. Na bando langu lilikuwa likiisha usiku, sisi tumelala, runinga imezimwa. Nilimshuku kijana wa jirani. Mungu anisamehe, nilimshuku kwa mwezi mzima.

Visanduku vya aina hii vina kisa chao. Januari 2023, mtaalamu mmoja wa Canada, Daniel Milisic, alieleza jinsi kisanduku cha aina ya T95 alichokinunua kilivyomfikia kikiwa tayari na programu ya wizi ndani yake, kikizungumza kisirisiri na mitambo ya watu asiowajua. Uchunguzi uliofuata ukafichua mtandao mkubwa uliopewa jina BADBOX. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likatoa onyo kwa umma kuhusu wimbi lake la pili, na Julai Google wakafungua kesi New York wakisema vifaa vilivyoambukizwa ni zaidi ya milioni 10. Visanduku hivi haviji na ugonjwa huo kwa bahati mbaya. Vinatiwa kabla havijafika kwa mnunuzi, au vinaupata pale anapoambiwa apakue programu ya kupata filamu za bure.

Ubaya wake si kuiba filamu. Kisanduku hugeuzwa kuwa kichochoro. Mtu aliye mbali hupitisha uhalifu wake kwenye laini yako, na ukitafutwa mlango alikotokea, mlango ni wako. Huku nawe unalipia bando, na kifaa chako kina kazi mbili: yako, na ya bwana usiyemjua. Siwezi kuapa kwamba changu kilikuwa na ugonjwa huo. Najua tu kwamba siku niliyokichomoa, bando lilianza kulala usiku kama sisi wengine.

Sasa, serikali yetu si kwamba haijui vitu bandia. Mwishoni mwa Septemba 2012, tume ya mawasiliano ya wakati huo ilizima simu bandia nchi nzima, na watu wengi wa huku walijikuta wameshika vipande vya plastiki. Sheria inataka vifaa vya mawasiliano viidhinishwe na Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kuuzwa. Sasa niulize: ni nani amewahi kuona duka la kuuza visanduku likikaguliwa?

Mimi sitaki tuzimiwe. Mwaka ule wa 2012 adhabu iliishia kwa mnunuzi, mama aliyeuza mbuzi akanunua simu, wakati aliyeileta nchini alikuwa ameshahesabu pesa zake. Nataka kitu kidogo na cha kuudhi zaidi kwa wafanyabiashara: karatasi kwenye boksi, kwa Kiswahili. Kumbukumbu ya kweli ni ngapi. Kinahitaji ampea ngapi. Kinastahimili joto la nyuzi ngapi. Kitaendelea kupokea masasisho hadi mwaka gani. Na namba ya idhini ambayo mtu anaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kutoka kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, palepale dukani, kabla hajatoa hela. Dawa ya mbuzi inayouzwa Garissa ina tarehe ya kuisha. Unga una tarehe. Kifaa cha kuingiza dunia nzima sebuleni mwangu kinauzwa kwa maandishi ya dhahabu tu.

Wapo watakaosema kwamba karatasi hiyo itapandisha bei na kuwanyima maskini burudani. Hoja hiyo nimeisikia kwa wauzaji, sijaisikia kwa maskini. Maskini wa kisanduku changu nilikuwa mimi, na hesabu ya bando lililoliwa usiku, nikiijumlisha kwa mwaka, ingeninunulia vijiti viwili vyenye idhini na nauli ya kwenda kuvichukua.

Mpaka karatasi hiyo ije, kwa vifaa vya Android vyenye duka la programu la Google, ingia kwenye duka hilo, fungua mipangilio, shuka hadi sehemu ya maelezo kulihusu. Humo huandikwa kama kifaa kimeidhinishwa au la. Kama hata duka hilo halimo, na badala yake kuna la jina usilolijua linalokuomba uzime ulinzi kwanza, umeshajibiwa.

Siku ya robo fainali na Madagascar, Agosti 22, mkeka ulijaa. Kijiti kilikuwa kimeshiba umeme na kimepata upepo wake dirishani. Mlinzi wa duka bado alitutangulia kwa redio yake, lakini safari hii kwa kitambo kidogo tu, kiasi kwamba kila mkwaju wa penalti tuliujua kwa sauti yake kwanza, kisha tukauona kwa macho, tukaumia mara mbili. Kijana wa jirani nilimpa kikombe cha kwanza cha chai. Hakujua kwa nini, nami sikumwambia.

Kisanduku cheusi kimebaki mlangoni. Mdogo wa kijana huyo amekitoboa, amekifunga kamba, na kila jioni anakiburuta barabarani kikiwa lori la kwenda Garissa, kimepakia mawe.