Kumbe mwajiri ni mama

Haya wadau, nimepotea kidogo, najua. Wale mnaoniuliza koridoni kama nimeacha kuandika, sijaacha. Nilikuwa nyumbani Pito kwa Krismasi, mvua kila siku, umeme wa kubahatisha, na nilikuwa na kazi nyingine kichwani ambayo ndo nataka kuwaeleza leo. Inahusu sheria ya kazi. Msikimbie.

Sisi wa ualimu tukikaa hosteli tukizungumzia ajira tunazungumza kama watu wa upande mmoja tu. Serikali ilipotangaza kwenye Mei Mosi ya 2025 kule Singida kwamba kima cha chini cha mtumishi wa umma kinapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, chumba kizima kilipiga kelele, hata wale ambao hawajawahi kulipwa hata senti na serikali. Tunajiona wafanyakazi watarajiwa. Mwajiri ni mtu mwingine huko, mwenye tumbo na gari.

Sasa sikilizeni. Oktoba 2025 aliyekuwa Waziri wa kazi, Ridhiwani Kikwete, alitangaza amri mpya ya kima cha chini kwa sekta binafsi, ianze tarehe 1 Januari 2026. Wastani umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Redio ikaisema hiyo namba mara mia. Siku ya pili ya mimi kufika nyumbani, mama ananipa chai, ananiuliza:

"Wewe mwanangu ndo msomi. Hebu niambie, huyu kijana wa mashine nimlipe laki tatu na hamsini na nane?"

Nilicheka. Mama hakucheka.

Mama ana mashine ya kusaga. Moja, ya umeme, ipo pembeni ya nyumba. Aliinunua baada ya baba kufariki, na ndiyo iliyonisomesha tangu kidato cha tatu. Bumu mnalijua, halifiki mwisho wa mwezi. Ile elfu ishirini inayoingia kwenye simu yangu kila nikilia shida inatoka kwenye unga wa watu wa Pito. Kijana anayeiendesha alitokea bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, ana miaka mitatu pale. Analipwa elfu sabini kwa mwezi, anakula mchana kwetu, na Jumamosi anaondoka na unga wake. Karatasi hakuna. Mama humwita "kijana wetu", na akiwa na watu wa mjini humwita kibarua.

Kwanza nikamtoa hofu. Hiyo 358,322 ni wastani wa sekta zote, siyo kima cha kila mtu. Amri inapanga viwango kwa sekta: migodi ina chake, benki chake, kilimo chake, kazi za nyumbani chake. Kwa mfano katika amri ya 2022, iliyoanza Januari 2023, mabenki na taasisi za fedha zilikuwa kwenye 592,000 wakati biashara na viwanda vilikuwa 150,000, kilimo 140,000, na dada wa kazi anayelala nyumbani kwa mwajiri wa kawaida 60,000. Kwa hiyo mtu akikwambia kila mfanyakazi wa Tanzania sasa ni laki tatu na nusu, mwambie akasome amri yenyewe, atafute sekta yake.

Mama akashusha pumzi. Nilitakiwa niishie hapo. Ila mwalimu mtarajiwa hajui kuishia, nikafungua simu nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyotamani nisingeanza.

Neno kibarua ndo lilikufa la kwanza. Waajiri wengi, na wazazi wetu ni wengi humo, wanaamini ukimwita mtu kibarua sheria inakupita pembeni. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haiangalii umemwitaje. Inaangalia kama wewe ndo unampangia saa na namna ya kufanya kazi, kama vifaa ni vyako, kama anakutegemea kwa kipato, kama amekufanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Likitimia hata moja kati ya hayo anachukuliwa ni mfanyakazi mpaka ithibitike vinginevyo. Kijana wetu anayatimiza yote.

La pili ni karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi anapoanza: jina, kazi yake, tarehe aliyoanza, mahali, saa za kazi, malipo. Siyo lazima liwe kabrasha la wakili, hata ukurasa mmoja unatosha. Na hapa pana mtego ambao waajiri hawaujui. Mkifika kwenye shauri na mwajiri hana hiyo karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuwa wa mwajiri. Kijana akisema "tulikubaliana laki mbili", ni mama ndo atakayetakiwa kuonyesha kwamba siyo. Ataonyesha na nini? Daftari la madeni ya unga?

Halafu saa. Hapa ndo nililala vibaya.

Kawaida ya sheria ni saa 45 kwa wiki, ukizidisha hapo unalipa mara moja na nusu, na hata hizo za ziada hazitakiwi kuvuka 50 katika wiki nne. Viwango vya amri vinatolewa pia kwa saa na kwa siku, siyo kwa mwezi tu, kwa hiyo mtu anayefanya kazi nusu wiki anaweza kulipwa kihalali kwa saa zake. Nikaona hapa pana mlango wa kumtetea mama, maana Desemba mashine haina kazi. Watu wengi Ufipa akiba ya mahindi inaanza kupungua, wanaleta kidogo kidogo. Nikaweka daftari wiki nzima, kila akiwasha na kuzima. Saa 27.

Saa 45 kwa wiki ni kama saa 195 kwa mwezi. Gawanya 150,000 ya kile kiwango cha zamani, maana kwa ninavyosoma mimi mashine ya kusaga inaingia kwenye biashara na viwanda, unapata kama shilingi 770 kwa saa. Saa 27 kwa wiki ni kama elfu tisini kwa mwezi. Analipwa sabini. Nikajisemea siyo mbaya sana, elfu ishirini, tena anakula.

Kisha nikakumbuka Julai.

Julai mahindi yameingia, kila nyumba inataka unga mpya, watu wanatoka mpaka vitongoji vya mbali na baiskeli. Mashine inawaka saa kumi na mbili asubuhi, inazimwa saa moja usiku, mapumziko ni ile saa moja ya kula. Siku sita. Hizo ni saa 72 kwa wiki. Piga: 45 za kawaida ni 34,650, na 27 za ziada kwa mara moja na nusu ni 31,185. Jumla 65,835. Kwa wiki moja! Kwa kiwango cha zamani, kabla hata ya hiki cha Januari. Sisi tulimpa elfu sabini kwa mwezi mzima. Na saa za ziada tulivuka mpaka, yaani hata tungelipa zote bado tulikuwa nje ya sheria.

Na mimi Julai nilikuwepo. Nilikuwa nakaa kibarazani nasoma riwaya, namwona anatoka mweupe unga mpaka kope.

Babu zetu wa Ufipa walikwenda Tanga kukata mkonge, wakapewa namba, wakaitwa manamba, na kila familia ina mzee aliyekuwa akisimulia jinsi walivyopunjwa huko. Nimekua nikizisikia hizo hadithi. Sikuwahi kuzisikia nikiwa upande wa mwenye shamba.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mama yangu ni mnyonyaji. Anaamka kabla yangu na kabla ya kijana, LUKU ikipanda analia, akivunjika kipuri anauza kuku. Na hapa ndo nina ugomvi na namna sheria inavyotufikia. Marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yalizungumzwa sana kwenye semina za hotelini, na waajiri wakubwa wana mawakili wa kuwasomea. Pito ilifika namba moja tu ya redio, tena ile isiyo yake. Mtu mwenye mfanyakazi mmoja anabanwa na sheria ileile inayombana mwenye mia tano, na sawa, nakubali ibane, maana njaa ya mfanyakazi haiangalii ukubwa wa kampuni. Ila basi mwambie. Mtendaji anayejua kupita nyumba kwa nyumba kudai michango anashindwa nini kupita na karatasi ya ukurasa mmoja yenye viwango?

Kuna wanaosema wenye biashara ndogo waondolewe kabisa kwenye kima cha chini. Siafiki. Ukiwaondoa wao umeondoa karibu kila aliyeajiriwa Pito. Na sisi wenyewe tutaajiriwa wapi? Shule nyingi binafsi zinazotuchukua kabla ya serikali ni biashara ya mtu na mke wake.

Nitawapa mfano. Rafiki yangu mmoja aliyetutangulia alipata shule, siitaji na wala haiko Rukwa. Alifundisha miezi mitano na wiki mbili. Akatumiwa ujumbe wa simu kwamba hajakidhi vigezo, asirudi. Akanipigia anataka kushitaki kwa kufukuzwa bila haki. Nikamwambia sheria yenyewe inasema ulinzi huo haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Wiki mbili tu! Sidhani kama ni bahati mbaya, kuna mtu pale anajua kuhesabu. Lakini notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi bado ilikuwa haki yake, na mshahara wa siku alizofundisha, na cheti cha utumishi. Hayo angeweza kuyapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 60. Kwa aliyeachishwa na ana ulinzi kamili, muda wa kupinga ni siku 30 tu. Yeye aliponipigia ilikuwa mwezi wa nne tangu atoke. Alikuwa anaona aibu, anasema kila siku alidhani watamrudisha.

Kwa hiyo mabadiliko ya 2025 nayasoma kwa jicho la pande mbili, na kuna mawili yananikera. Zamani mikataba ya muda maalumu ilikuwa ya wataalamu na mameneja, sasa imefunguliwa kwa wengine katika mazingira fulani, kama kazi za msimu na mhitimu anayeajiriwa ili apate uzoefu. Kwa mama ni nafuu kubwa: anaweza kuchukua kijana wa pili Julai hadi Septemba kihalali, na yule wa kwanza asizidishiwe saa. Kwetu sisi wahitimu naogopa "kupata uzoefu" itageuka mlango wa kuzunguka, unaingia huku unatokea kule. La pili ni fidia. Ilikuwa isipungue mishahara ya miezi 12. Sasa kosa likiwa la utaratibu tu ni kuanzia miezi 6, sababu isipokuwa halali 12, na ukiachishwa kwa ubaguzi au unyanyasaji ni 24. Hiyo 24 naipigia makofi. Ile ya 6 inanipa shida, maana utaratibu ndo kitu pekee mnyonge anachoweza kukiona kwa macho: uliitwa, ulisikilizwa, au ulitumiwa meseji?

Turudi Pito. Nilimwonyesha mama daftari siku moja kabla sijaondoka. Alinyamaza muda mrefu akifuata zile hesabu kwa kidole. Kisha akasema, "Usimfundishe kijana wangu kunishitaki." Nikamwambia mama, sijamwambia kitu. Akasema tena, "Na ada yako nitatoa wapi?" Hapo sikuwa na jibu, na mpaka sasa naandika sina.

Usiku tukaandika karatasi, yeye akisema mimi nikiandika. Tulitafuta kiwango kipya cha sekta tukakipiga kwa saa. Miezi ya mvua atalipwa kwa saa zake, daftari litatundikwa ukutani karibu na swichi, wote wawili waweke sahihi kila Jumamosi. Mwezi wa saba atafutwe mwenzake. Siku 28 za likizo kwa mwaka zitaanza Februari, mashine ikiwa haina kazi. Unga wa Jumamosi unabaki kama zawadi, haukatwi kwenye mshahara, hilo mama alisema mwenyewe.

Asubuhi kijana akaitwa, akasoma, akasoma tena. Akauliza, "Mama, nimekosa nini?" Alidhani anafukuzwa. Mama akamwambia weka sahihi baba, hujakosa.

Miaka mitatu iliyopita haimo kwenye ile karatasi. Hakuna aliyeitaja, kijana kwa kutojua, mama na mimi kwa kujua. Nilipanda basi nikaja chuo. Juzi elfu ishirini imeingia kama kawaida, na bado sijaitoa kwenye simu.