Miaka Kumi Bila Mkanda



George Foreman alipoaga dunia tarehe 21 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 76, simu yangu ilijaa video za ngumi zake. Wengine walinitumia usiku ule wa Oktoba 1974 kule Kinshasa, Muhammad Ali alipomwangusha katika raundi ya nane. Wengine walituma pambano la 1994, aliponyakua tena ubingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na miaka 45.

Hakuna hata mmoja aliyenitumia chochote cha kati ya 1977 na 1987. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo miaka ambayo kanisa linapaswa kuikumbuka zaidi.

Kwanza tukumbuke alikotolewa. Alizaliwa Texas mwaka 1949 na kukulia Houston katika umaskini mkubwa. Aliacha shule, akawa kijana wa kupora watu barabarani. Ndondi zikamwinua: dhahabu ya Olimpiki kule Mexico City mwaka 1968, kisha ubingwa wa dunia mwaka 1973, alipomwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili.

Lakini mkanda haukumponya moyo. Alifika Kinshasa amenuna, na mbwa wake mkubwa kando, wa aina ile ile ambayo Wabelgiji waliitumia kuwatisha wenyeji enzi za ukoloni. Umati ukawa wa Ali. Aliposhindwa, alitoa visababu vingi, hata akasema maji yake yalitiwa dawa. Uchungu huo aliubeba kwa muda mrefu.

Machi 1977, San Juan, Puerto Rico, alishindwa kwa pointi na Jimmy Young. Baada ya pambano, katika chumba cha kubadilishia nguo, alihisi anakufa. Alisimulia kwamba alijikuta mahali pa giza na utupu, akamlilia Mungu, kisha akaanza kupaza sauti kwamba Yesu yu hai ndani yake. Wapo wanaosema hadi leo kwamba lilikuwa joto na uchovu tu. Sibishani nao. Mti hujulikana kwa matunda yake, kwa hiyo mimi nauliza: baada ya hapo alifanya nini?

Aliacha ndondi akiwa na miaka 28, akaacha na pesa zake. Alihubiri kwenye kona za barabara, gerezani na hospitalini. Akaanzisha kanisa dogo Houston, na mwaka 1984 akafungua kituo cha vijana, ili watoto wa mitaa kama ule aliokulia wapate mahali pa kwenda. Alisema mwenyewe kwamba kwa miaka kumi hakukunja ngumi.

Miaka kumi, mpendwa. Bila mkanda, bila kushangiliwa.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Miaka kadhaa iliyopita, bondia mmoja aliyejulikana sana mtaani aliokoka katika mkutano wetu wa injili. Jumapili iliyofuata nilimpa maikrofoni. Wiki ya tatu nikaweka picha yake kwenye bango. Nikamzungusha kanisa baada ya kanisa akitoa ushuhuda, na watu wakajaa, na sadaka ikapanda. Sikumpeleka darasa la waumini wapya. Sikumpa mzee wa kanisa wa kutembea naye. Mwaka haukuisha kabla hajarudi kwenye pombe. Nilipomtafuta, aliniambia, "Pasta, kila mtu pale kanisani anajua nilivyokuwa nikipigana. Hakuna anayejua ninakolala."

Nilirudi nyumbani nikalia. Neno lilikuwa limenionya. Soma 1 Timotheo 3:6: Paulo anakataza kumpandisha uongozini aliyeokoka karibuni, asije akajivuna akaanguka. Yeye mwenyewe, baada ya njia ya Dameski, alienda Arabuni, na miaka mitatu ikapita kabla hajapanda Yerusalemu kuonana na Petro. Soma Wagalatia 1. Mimi nilimpa kijana yule wiki moja.

Najua mtu ataniuliza, "Lakini Pasta, Foreman si alirudi ulingoni?" Ndiyo, mwaka 1987, akiwa mnene na kipara, watu wakimcheka. Alirudi kwa sababu kituo cha vijana kilihitaji pesa. Unaweza kutokubaliana naye kuhusu ndondi. Lakini mwangalie aliyerudi. Yule aliyekuwa akitisha watu kwa macho sasa alikuwa akicheka na waandishi wa habari. Na usiku ule wa 1994, alipomwangusha Michael Moorer katika raundi ya kumi, alipiga magoti kwenye kona yake akaomba. Umaarufu ulimkuta ana mizizi.

Kuna picha moja ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1997, filamu ya pambano la Kinshasa ilishinda tuzo ya Oscar. Ali alikuwa tayari ameshikwa na ugonjwa wa kutetemeka. Aliyemshika mkono akamsaidia kupanda ngazi za jukwaani alikuwa George Foreman. Mtu aliyewahi kumchukia, na ambaye aliendelea kuwa Mwislamu hadi kufa kwake, akawa rafiki yake wa kweli. Hicho si kitu cha kuigizwa mbele ya kamera. Kilipandwa miaka ile ambayo hakuna aliyekuwa akitazama.

Mchungaji mwenzangu, Mungu akikupa mtu maarufu, mfiche kwanza. Mlishe. Ujue anakolala.

Mshirika, usimdai aliyeokoka jana ushuhuda wa kusisimua kila Jumapili. Mkaribishe chai kwako.

Na wewe uliyeokoka juzi, ukaona hakuna anayekuita mbele, usivunjike moyo. Mungu hajakusahau. Anakujenga.

Baba, wasamehe wachungaji tuliowatumia watoto wako kujaza viti. Mrudishe kijana yule popote alipo leo, na utupe subira ya kumlea. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama kuna mtu kama huyo unayemjua, usingoje Jumapili. Mpigie simu leo.