Ukiona simu imeinuliwa ukumbini, usinyamaze

Umeingia sinema, umenunua bisi, taa zimezimwa. Safu mbili mbele yako, simu inainuka na kutulia hapo juu. Jamaa anarekodi. Wewe utafanya nini? Wengi wetu tunakereka na ule mwanga tu, kisha tunaendelea kutafuna.

Nisijifanye malaika hapa. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kibanda cha muvi mtaani. Mteja analeta flashi, namjazia, shilingi 20 kila muvi. Zilizotoka haraka ni zile zilizorekodiwa ukumbini. Picha imepinda, kichwa cha mtu kinapita mbele ya staa, sauti ni kama ya ndani ya pipa. Lakini nani alijali? Muvi bado iko kwa sinema za tao na wewe unaicheki ukiwa kitandani.

Nilikuwa na rafiki aliyeshika maikrofoni kwenye filamu moja ya hapa kwetu. Malipo yake mengine aliahidiwa filamu ikishauza tiketi. Siku moja mteja akaiulizia. Nilikuwa nayo. Niliuza nakala 7 siku hiyo. Jioni tulikula chapo madondo na huyo rafiki, na aliyelipa ni yeye. Zile pesa zake hazikuja.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki ni ya 2001, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ipo. Shida ni pale inapogonga. Msako ukija mtaani, kompyuta inabebwa na kijana wa kibanda anarushwa kwa gari la polisi. Aliyeketi ukumbini saa mbili nzima akirekodi hata hajulikani.

Na si kwamba hawezi kufuatiliwa. Mitambo ya kisasa ya sinema hupachika alama fiche kwenye picha na sauti. Nakala ikivuja, alama hiyo inaweza kuonyesha ilirekodiwa ukumbi gani na saa ngapi. Marekani walipitisha sheria mwaka 2005 inayolenga kurekodi ndani ya ukumbi: kosa la kwanza, kifungo cha hadi miaka 3.

Sisemi mtoto wa watu afungwe kwa sekunde kumi za kuweka status. Huyo aambiwe afute, akikataa atolewe nje. Lakini anayerekodi muvi nzima ili auze, huyo ndiye wa kortini, kabla ya yule wa kibanda. Wenye kumbi nao wafunze wahudumu wao kuzunguka wakati muvi inaendelea, si kukagua tiketi mlangoni na kupotea.

Najua utaniambia tiketi ni ghali. Ni kweli, bana. Kwa mtu wa mjengo, tiketi moja inakula sehemu kubwa ya mshahara wa siku. Basi tudai siku za bei nafuu, tudai filamu zetu zije mitaani kwa bei ya mtaa. Ila bei kuwa juu haifanyi jasho la mwenzako kuwa lako.

Kwa hivyo wikendi hii, ukiona ile simu imeinuliwa, toka polepole umwite mhudumu. Utakosa dakika mbili za muvi. Rafiki yangu alikosa kodi ya nyumba.