Tusimtishe mgonjwa wa sukari

Mama yangu ana sukari. Kila asubuhi hapa Maskati hutia vidonge viwili vya utamu kwenye chai ya maziwa. Juzi mdogo wangu kamletea ujumbe wa WhatsApp: "Mama, hivyo vinaleta saratani!" Mama akavitupa, akarudia sukari.

Hapo ndipo nilipokasirika. Kweli, Julai 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka aspatamu, utamu wa soda nyingi zisizo na sukari, kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani. Lakini wakati huo huo kamati nyengine ilibakisha kiwango kile kile: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 ni mpaka anywe makopo 9 hadi 14 ndiyo akivuke.

Mei mwaka ule Shirika lilishauri pia watu wasivitumie vitamu hivi kupunguza uzito. Wenye kisukari tayari hawakuhusika na ushauri huo.

Basi kwa mama, sukari ni madhara ya leo, kidonge ni shaka tu. Mzima anywe maji. Na kidonge kisiwe ruhusa ya kumaliza sahani ya halwa.