Si kila damu ni hedhi, wala si kila tiba ni kutoa kizazi



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Juma hili ukurasa wetu unaingia katika jambo ambalo kina mama hulinong'ona jikoni na kulinyamazia sebuleni: damu ya mwezi inayotoka kwa wingi, au isiyokoma. Huku Ufipa, kuanzia Sumbawanga mjini hadi Laela, Namanyere, Matai na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wapo kina mama wanaobadilisha kitambaa kila saa, wanaoacha swala wiki tatu mfululizo kwa kudhani bado wamo hedhini, na wanaopanda kilima kwenda shambani huku moyo ukienda mbio kwa upungufu wa damu. Wengi wao wameambiwa mambo mawili tu: vumilia, au kizazi kitolewe. Baina ya mawili hayo ipo njia pana.

Dini ililisema mapema

Jambo hili si geni katika Uislamu, wala si la kuonewa haya. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Fatima bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa hatwahariki, akauliza kama aache swala. Mtume alimfahamisha kwamba damu ile yatoka katika mshipa, si hedhi. Siku zake za hedhi zikifika aache kuswali, na zikipita ajioshe damu kisha aswali. Umm Habiba bint Jahsh aliishi na hali hiyo miaka saba. Naye Hamna bint Jahsh alipolalamikia wingi wa damu yake, Mtume alimwelekeza kwanza kutumia pamba, kisha kitambaa. Basi mwanamke kueleza tatizo lake waziwazi, na kupewa kifaa cha kumsaidia, ni mambo yaliyotendeka mbele ya Mtume mwenyewe.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, hedhi haizidi siku 15. Damu ikivuka hapo, mwanamke yumo katika istihadha: hurejea katika ada yake au sifa za damu yake ili azijue siku za hedhi, na siku zilizobaki huoga, hujifunga vizuri, hutawadha kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati kuingia, huswali na hufunga. Mumewe naye hakatazwi kumkaribia, kwa rai ya wanazuoni wengi. Mama aliyekuwa akiacha swala siku hizo zote amwendee mwalimu wa fiqhi amwelekeze namna ya kulipa.

Lakini fatwa ya istihadha haimalizi kazi. Imetuambia namna ya kuswali. Haikutuambia tukae na ugonjwa.

Kinachotokea ndani

Mfuko wa uzazi una utando laini unaouvika kwa ndani. Kila mwezi homoni huunenepesha utando huo ili upokee mimba. Mimba isipotunga, humomonyoka ukatoka pamoja na damu. Kwa kawaida mwanamke hupoteza mililita 30 hadi 40. Zikipita 80, au damu ikiendelea zaidi ya siku 7, au mabonge makubwa yakitoka, hiyo ni damu nyingi na inahitaji uchunguzi.

Sababu zake ni kadhaa: uvimbe katika kizazi, homoni zilizoyumba hasa kwa msichana aliyebaleghe karibuni na mama anayekaribia kukoma hedhi, vijinyama katika utando, mimba iliyoharibika na kuacha mabaki, maradhi ya kuganda kwa damu, na mara nyingine saratani. Kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu, hata tone moja, hakuna la kungoja: aende hospitali, kwa kuwa hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani, nayo ikiwahiwa hutibika.

Athari iliyo karibu zaidi ni upungufu wa damu. Mwanamke asiye mjamzito mwenye hemoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu. Nchi hii ya Ufipa ilisifika kwa wahunzi walioyeyusha chuma katika malungu marefu ya udongo. Ni masikitiko kwamba leo mabinti zake wanakosa chuma ndani ya miili yao. Maharage, majani ya maboga, dagaa, migebuka na maini husaidia, hasa vikiliwa na matunda kama machungwa, na chai ikasogezwa mbali na mlo. Hata hivyo, chakula hakiwezi kuijaza ndoo inayovuja. Lazima tundu lizibwe.

Hatua na vifaa vya tiba

Kwanza ni uchunguzi: historia ya mgonjwa, kipimo cha damu, kipimo cha mimba, na ultrasaundi. Daktari akiwa na shaka, hasa kwa mama aliyevuka miaka 45, huchukua kipande kidogo cha utando kwa mrija mwembamba wa plastiki unaopitishwa katika mlango wa kizazi, kikapimwe maabara. Kipimo hiki hakihitaji kisu, na maumivu yake hufanana na ya hedhi.

Pili ni dawa. Vidonge vya asidi ya traneksamiki hupunguza damu katika siku zile zile za kutoka kwake. Vidonge vya homoni hupanga upya mzunguko. Kisha kipo kitanzi chenye homoni ya levonojestreli, kilichoanza kutumika Finland mwaka 1990. Wengi hukijua kama njia ya uzazi wa mpango, ilhali ni miongoni mwa tiba bora za damu nyingi: huufanya utando kuwa mwembamba, hufanya kazi kwa miaka kadhaa, na kikitolewa uwezo wa kuzaa hurejea. Kisichanganywe na kitanzi cha shaba, ambacho chaweza kuizidisha damu.

Tatu ni kile watu wakiitacho kusafisha kizazi, ambacho siku hizi hufanywa mara nyingi kwa pampu ya mkono ya plastiki isiyohitaji umeme. Hiyo hufaa sana mimba ilipoharibika. Lakini kwa damu nyingi ya kila mwezi, nafuu yake ni ya muda, kwani utando huota tena. Ikirudiwa ovyo, au ikifanywa na asiyesomea, yaweza kuacha makovu yanayozuia mimba.

Nne ni vifaa vya kuunguza utando. Mwaka 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa chenye puto dogo: huingizwa katika mfuko wa uzazi, hujazwa maji ya sukari, na maji hayo hupashwa hadi nyuzi 87 kwa dakika 8. Mwaka 2001 kikafuata kifaa cha wavu wa metali unaopitisha umeme, ambacho humaliza kazi kwa chini ya dakika 2. Vipo pia vinavyogandisha utando kwa baridi kali. Mama hushonwi, na mara nyingi hurudi nyumbani siku ile ile. Damu hupungua kwa wengi, na kwa baadhi hukoma kabisa. Wapo ambao baada ya miaka huhitaji tiba nyingine.

Tiba hii ina masharti mazito. Haifai kwa mwenye saratani au dalili zake, mwenye maambukizi, wala mwenye uvimbe mkubwa uliopinda umbo la kizazi. Haifai kabisa kwa anayetaka kuzaa tena, kwa kuwa mimba inayotunga baada yake huwa ya hatari kwa mama na mtoto. Hivyo njia ya kuzuia mimba huhitajika baadaye. Tena vifaa hivi si vya kukutwa katika kituo cha afya cha kata. Anayeanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa huenda akaelekezwa Mbeya, zaidi ya kilomita 300, au Muhimbili. Aulize mapema ni tiba zipi zilizopo, gharama zake, na kama bima inazibeba.

Kuhusu hukumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliharamisha kuondoa uwezo wa kuzaa isipokuwa kwa dharura inayokubalika kisheria. Kwa hiyo tiba inayofunga mlango wa uzazi haichaguliwi kwa wepesi, wala haikataliwi pale uhai na afya ya mama vinapoidai. Daktari aeleze dharura, mwanazuoni aeleze hukumu.

Sitara na wajibu wa mume

Kuna kina mama wanaokufa na haya zao kwa kuogopa kuchunguzwa na mwanamume. Baraza hilo hilo, lilipokutana Brunei mwaka 1993, lilipanga daraja: daktari mwanamke Mwislamu hutangulizwa, kisha mwanamke asiye Mwislamu aliye mwaminifu, kisha mwanamume Mwislamu, kisha asiye Mwislamu, bila ya faragha na kwa kiasi cha haja. Mama ana haki ya kumwomba mhudumu mwanamke. Asipopatikana, tiba isiahirishwe.

Enyi kina baba, mke anayetokwa na damu hakuchagua hali hiyo. Si nuksi, si uchafu, wala si hoja ya kumpa talaka au kumkejeli mbele ya wifi zake. Nauli ya kumpeleka hospitali isingoje mavuno ya mahindi. Mfuatane naye, msikilize daktari pamoja, na asitie sahihi karatasi ya kutolewa kizazi kabla hamjauliza: chanzo ni nini, utando umepimwa, na tiba nyepesi zimejaribiwa? Nanyi kina mama, msiingize mitishamba ukeni kwa kuambiwa itakausha damu. Huleta vidonda na maambukizi. Binti akianza hedhi kwa damu nyingi, mama mzazi au shangazi asimwambie kwamba ndivyo walivyo katika ukoo. Ampeleke apimwe.

Andikeni tarehe damu inapoanza na inapokoma, mwezi baada ya mwezi. Daftari hilo moja litamfaa daktari katika tiba na sheikh katika fatwa.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu na azihifadhi familia zetu. Wabillahi tawfiq.